Mwaka wa Kidole cha Chapati

Asifiwe Mungu, ambaye hutuvumilia sisi kuliko tunavyovumiliana, aliyeniamsha tena leo nikiwa na macho ya kuiona karatasi na mkono usiotetemeka sana. Namshukuru kwa chai iliyo hapa mezani, kwa mvua iliyonyesha juzi juu ya vilima vya Nunguni ikatufikia huku chini ikiwa imebaki kidogo, na kwa mke wangu Syombua, kwa kuwa ndiye aliyenifanya niandike sura hii. Katika daftari hili nimekwisha kuandika mengi, ya kazi na ya kanisa, lakini mwaka wa sura hii nimeuruka mara mbili. Mwezi uliopita mbwa wetu Chapati alikufa kwa uzee, akiwa amelala juani kwenye mlango wa jikoni, nasi tukamzika mwisho wa shamba, mahali ambapo jembe halifiki. Tulipokuwa tunanawa mikono Syombua akasema bila kunitazama, "Baba Mutua, kwenye hicho kitabu chako umeandika ya kila mtu. Ya huyu utaandika lini?" Wengine wakikaa kuandika kumbukumbu zao hukumbuka mwaka wa ujana uliowajenga. Mimi mwaka wangu ulinikuta nikiwa na mvi, mzee wa kanisa wa miaka mingi, na ulianza na kidole cha mbwa.

Chapati alikuwa jike mweupe mwenye madoa ya kahawia, na wajukuu ndio waliompa jina hilo kwa sababu madoa yale yalifanana na ya chapati iliyotoka tu kwenye chuma. Hakuwa mbwa wa kutulia. Asubuhi alikimbia hadi mtoni, kwenye mchanga mkavu, akarudi ameloa umande hadi tumboni. Mchana aliwafukuza tumbili kwenye michungwa. Jumapili alitufuata kanisani, akalala nje chini ya dirisha la upande wa kwaya, na kwaya ilipoanza alipiga mkia ukutani hata waimbaji wakazoea, na siku asipokuwepo wengine walisema wimbo umepwaya. Kanisa zima lilimjua. Lakini alikuwa mbwa wa Syombua. Mimi nilikuwa mtu aliyeishi naye katika boma moja.

Aliumia mara ya kwanza baada ya kuvuna mahindi ya vuli. Tumbili alipita kwenye matuta ya mawe, Chapati akamfuata, ukucha wa kidole cha nje cha mguu wa mbele ukanaswa kati ya mawe mawili, yeye akaendelea mbele na ukucha ukabaki. Alirudi kwa miguu mitatu, ule wa nne ameuinua kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Tulimwita daktari wa mifugo kutoka Matiliku, mwanamke kijana aitwaye Mumbua, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Akakibonyeza kidole huku na huku, akamtazama Syombua, hakunitazama mimi, kwa maana alijua mara moja mwenye mbwa ni nani. "Ukucha utaota," akasema. "Shida iko hapa kwenye kiungo, kimelegea. Akikimbia kabla hakijashika, ataumia tena palepale. Huyu afungwe kamba wiki sita. Akitoka, atembee kama bibi harusi anayeingia kanisani. Na mkiniita tena kwa kidole hikihiki mara ya tatu, nitakuja kukikata."

Nikifumba macho sasa hivi ninaliona jiko letu la wakati ule jinsi lilivyokuwa asubuhi: moshi umetanda juu, sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharage kando ya moto, gunia limetandikwa sakafuni na Chapati amelala juu yake, na Syombua amepiga magoti na karai la buluu. Maji yalikuwa na chumvi na joto la kumwogeshea mtoto. Aliukausha mguu kwa kitambaa, katikati ya kila kidole, kisha akaweka pamba katikati ya vidole ili visisuguane, akapaka dawa, akazungusha bendeji. Kila alipomaliza alipitisha vidole vyake viwili chini ya bendeji. Visipoingia, alifungua akaanza upya. Juu yake alivalisha soksi yangu kuukuu, na mbwa alipotolewa kwenda haja wakati wa umande alivalishwa mfuko wa maziwa uliooshwa, nao ulivuliwa mara aliporudi ili mguu usitoke jasho. Kumzuia asilambe, tulikata kitako cha ndoo ya rangi tukamvalisha shingoni kama dishi la televisheni. Akawa anagonga kila mlango na kila mguu wa meza. Majirani waliopita njiani waliita, "Baba Mutua, leo mbwa wako ameshika stesheni gani?" Nasi tukacheka. Nilikuwa nakula muthokoi wangu pale kwenye kigoda, nikitazama kazi ile kila asubuhi, na ninaungama kwamba niliitazama kama mtu anavyotazama mwanamke akipeta ndengu. Sikudhani siku moja itanihusu.

Wiki ya tatu ikaja simu kutoka Kitui. Dada yake Syombua alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na hapakuwa na mtu wa kumlisha. Syombua alifunga nguo zake siku ileile. Mlangoni hakunipa maagizo ya kuku wala ya shamba. "Kidole," akasema. "Asubuhi na jioni. Kamba isitoke hadi wiki sita ziishe. Umesikia, Baba Mutua?" Nikasema nimesikia. "Umenitazama nikifanya." Nikasema nimekutazama. Basi akaenda, na kwa mwaka ule wote nilimwona siku chache tu.

Kwa siku nane nilifanya kazi vizuri. Siku ya tisa tumbili waliingia kwenye michungwa, kundi zima, nami nikiwa nimesimama pale na fimbo wananitazama bila woga, wakimenya machungwa yangu mbele ya macho yangu. Chapati alikuwa analia mwisho wa kamba. Nikafungua. Nikajiambia ni mara moja tu. Walitawanyika kwa muda mfupi, nami nikacheka peke yangu kwa furaha, na aliporudi mguu ulikuwa juu tena.

Nilijua nimekosa, na kwa siku zilizofuata nilikuwa mwaminifu sana, jinsi mtu anavyokuwa akiwa na hatia. Kamba, chumvi, pamba, vidole viwili. Alhamisi ya wiki ile kikundi chetu cha maombi kilikutana kwangu. Sebule yetu ni ndogo, viti vimevalishwa vitambaa alivyofuma Syombua, na watu kumi na mmoja wakikaa humo magoti yanagusana. Chapati alikuwa amelala mlangoni na ndoo yake. Tulipokwisha kuwaombea wagonjwa, Mama Ndunge, mjane wa miaka sabini hivi anayeishi ng'ambo ya bonde, akasema, "Na huyu je? Si naye ni mgonjwa wa nyumba hii?" Watu wakacheka. Lakini yeye hakucheka sana. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa, ndani ya ile ndoo, akaomba kwa Kikamba, maneno machache, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Tukaitika amina, tukanywa chai na viazi vitamu.

Siku kumi baadaye Chapati alikuwa anakanyaga chini. Bila shaka alikuwa anakanyaga chini! Alikuwa amefungwa siku kumi, ameoshwa mara ishirini, hajakimbia hata hatua moja. Lakini Jumapili hiyo, wakati wa shuhuda, nilisimama. Msomaji ambaye si wa kanisa kama letu ajue kwamba ushuhuda kwetu si neno dogo. Mtu akisimama akasema Mungu amemponya, limekwisha kusemwa mbele za Mungu na watu. Hakuna anayemuuliza karatasi ya hospitali. Na akionekana wiki ijayo na dawa mkononi, watu watasema imani imemtoka. Kwa kuwa mimi ndiye niliyezisimamia, nilikuwa nimesikia shuhuda nyingi kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na kwa muda mrefu sikuwa na wa kwangu. Wazee wa kanisa husimama kutoa matangazo. Siku hiyo nilitamani kusimama na kitu. Nikasema daktari alitoa wiki sita, na Mungu amefanya kwa siku kumi. Nikasema, "Mkono ulioombewa nao ni wa Mama Ndunge, huyu hapa." Sikutaja tumbili. Sikutaja chumvi wala kamba. Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Mama Ndunge akafunika uso wake na leso. Mchungaji akaingiza jambo lile katika mahubiri yake mara mbili.

Tulipotoka nje wote walikuwa wamemzunguka Chapati kwenye mti alikofungwa. Mtu mmoja akasema, "Sasa mzee, mfungue tumwone!" Wengine wakaitikia, "Mfungue!" Kwa hesabu mpya ya tangu aumie tena, zilikuwa zimebaki wiki kadhaa za kamba. Akilini niliiona sura ya Syombua mlangoni siku alipoondoka, niliiona wazi kabisa, nikaifungua kamba. Alikata uwanja wa kanisa kama jiwe lililorushwa, akazunguka jengo mara tatu, masikio nyuma, na kila alipopita watu walishangilia. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani mwangu, wala siku ya harusi yangu. Jioni alikuwa amelala kwenye gunia, anakilamba kidole, na nilipokigusa aliondoa mguu.

Syombua alipiga simu kesho yake. "Kidole?" akauliza, kabla ya salamu. Nikasema, "Kimepona. Nimetoa ushuhuda." Upande wa pili nikasikia sauti ya kijiko kikigonga kikombe, akimlisha dada yake uji. "Ushuhuda," akasema. "Mungu asifiwe. Umeangalia katikati ya vidole?" Nikasema nimeangalia. Hapo ndipo uongo wangu wa kwanza wa maneno ulipoanzia. Ule wa kanisani ulikuwa wa kuacha maneno.

Dawa ilikuwa rahisi na nilikuwa naijua. Ningemfunga bendeji na kumfunga kamba tena, basi. Lakini bendeji nyeupe kwenye mguu wa mbwa inaonekana kutoka barabarani. Kila aliyepita sasa alisimama kwenye lango kuuliza habari za mbwa wa muujiza, na wengine walikuja na watoto. Kwa hiyo nilimtia Chapati stoo, palipokuwa na magunia ya ndengu na harufu ya dawa ya wadudu, nikafunga mlango. Nilimfunga bendeji humo gizani, haraka, masikio yangu yakiwa nje, na niliikaza sana ili isifunguke, kwa sababu sikutaka kurudi kila saa. Vidole viwili sikupitisha. Siku nyingine nilikuwa na wageni asubuhi na jioni, sikuifungua kabisa. Jumapili watu wakauliza, "Chapati yuko wapi?" Nikasema, "Analinda nyumba." Mzee mmoja akasema, "Amepona mpaka amepata kazi!" Tukacheka, nami nikacheka pamoja nao. Wiki tatu zilipita hivyo.

Nafika sasa mahali ambapo nimeiweka kalamu chini mara nyingi. Kikundi cha maombi kilikuja tena kwangu siku ya Alhamisi. Stoo imeshikana na sebule, ukuta ni mmoja. Tulikuwa tumeinamisha vichwa, tukimwombea dada yake Syombua, na katikati ya maombi Chapati akaanza kulia. Haikuwa sauti ya mbwa anayetaka kutoka. Ilikuwa nyembamba, inayokatika na kuanza. Mtu mmoja akafungua jicho. Mwingine akasema, "Ni nini hicho, mzee?" Nikasema, "Ni kuku, wanagombana." Jirani yangu akanong'ona, "Hao kuku wako wana mkia," na mtu akazuia kicheko. Sauti ikaja tena. Nami nikaanzisha wimbo. Mimi ambaye huwa sianzishi nyimbo, nikainua sauti yangu, wote wakaupokea, tukasimama, tukapiga makofi, tukauimba ubeti baada ya ubeti, na kila ulipokaribia kwisha nilianza tena kiitikio, kwa sababu chini yake bado nilikuwa namsikia. Nilimsifu Mungu ili nisimsikie kiumbe wake akilia. Hili sijapata kumwambia mtu yeyote hadi leo, hata siku ile niliyosema mengine yote. Nimekwisha kuliombea msamaha miaka mingi, na naamini nimesamehewa, lakini nikisikia wimbo ule kanisani midomo yangu husogea bila sauti.

Baada ya chai wanawake wawili walikwenda jikoni kuosha vikombe, nami nikapita nje ya dirisha la jikoni nikielekea stoo. Mmoja alikuwa Mama Ndunge. Yule mwingine alimwambia, "Unaonekana umechoka, Mama." Naye akajibu, "Ni kichwa tu. Kinanigonga hapa nyuma."

"Si ni presha? Unameza dawa?"

"Dawa niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya Chapati. Nilijiambia, kama Mungu amesikia mkono wangu kwa mbwa, atakosa kunisikia mimi mwenyewe? Nikavifunga vile vidonge kwa karatasi nikaweka juu ya kabati. Hiki kichwa ni shetani ananijaribu."

"Na ukizidiwa?"

"Nitamwita Baba Mutua tuombe." Wakacheka wote wawili, na nikasikia vikombe vikipangwa.

Nilisimama kwenye ule ukuta, mkono wangu umeshika funguo za stoo. Ningeingia jikoni palepale. Ilikuwa hatua nne hadi mlangoni na neno moja. Badala yake nilingoja waende, nikawasindikiza hadi langoni, nikampa Mama Ndunge machungwa matatu. Machungwa! Kisha nikafungua stoo. Chapati hakuinuka. Nilipokata bendeji, harufu ilinifanya nigeuze uso. Kidole kilikuwa kimegeuka rangi, na cha pili yake kimevimba hadi ngozi inang'aa, na juu ya kifundo palikuwa na mstari wa kamba ya bendeji ulioingia ndani ya nyama. Aliulamba mkono wangu nilipokuwa nafungua. Ningependelea aniume.

Daktari Mumbua alikuja asubuhi ya Ijumaa. Tulimlaza Chapati kwenye meza ya kulia chakula, tumeitandika gazeti, uani penye mwanga. Aliutazama ule mguu kwa muda. "Mzee, nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Na aliyekufundisha kufunga?"

"Nilifundishwa vizuri."

Akapima joto, akabonyeza juu ya kifundo. "Kidole hiki kimekufa, na usaha umeingia mfupani. Hiki cha pili sijui bado. Nikifungua nikute usaha umepanda juu, itabidi nikate mguu. Kwa nini hukuniita?" Akaeleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba mbwa huishi vizuri bila kidole kimoja, hata viwili, na kwamba laiti angemwona wiki ya kwanza ya kuumia upya angekiondoa kile kimoja kwa asubuhi moja, na mbwa angekimbia baada ya wiki chache. "Sasa nitahitaji ruhusa ya mwenyewe," akasema. "Mpigie mama."

Nimewahi kusimama mbele za watu wengi katika misiba na harusi, lakini sijawahi kutafuta maneno kama nilivyoyatafuta pale nikiwa nimeishika ile simu. Nilimweleza Syombua yote: tumbili, ushuhuda, uwanja wa kanisa, stoo. Kasoro wimbo. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mpe daktari simu." Wakaongea. Daktari alikuwa anasema tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nitajaribu kuuacha mguu." Niliporudishiwa simu ilikuwa imekatwa.

Viliondolewa vidole viwili. Mguu ulibaki, Mungu ahimidiwe. Nilimshika kichwa wakati wote, naye alikuwa amelala kwa sindano, ulimi nje, na nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuweza kutazama kule chini. Jumamosi mchana Syombua aliingia langoni akiwa na vumbi la Kitui na la mji wa Wote juu ya viatu, dada yake amemwacha na jirani kwa siku mbili. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akateka maji ya moto, akatia chumvi, akapiga magoti penye gunia. Aliponyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nilijua anataka pamba. Nikampa. Akanyoosha tena, nikampa bendeji. Alipomaliza akasema, "Pitisha vidole vyako." Nikapiga magoti nikapitisha vidole vyangu viwili chini ya bendeji, na viliingia. "Ndivyo," akasema. Tulikula muthokoi, na wakati wa kutoa vyombo nikamwambia ya Mama Ndunge. Akaketi tena. "Umejua tangu lini?" Nikasema tangu Alhamisi. "Leo ni Jumamosi, Baba Mutua," akasema.

Mapema Jumapili nilimtafuta mchungaji ofisini nikamweleza. Ni mtu mwema, na alinijibu kwa wema. "Mzee, watu wamejengwa na ule ushuhuda. Ukiubomoa utawachanganya. Na kwa kweli, ni mbwa tu." Nilitaka sana kumtii. Lakini nilikuwa nimemwona Mama Ndunge akipanda kile kilima cha kanisa akisimama kila baada ya hatua kumi, mkono kisogoni. Nikasimama wakati wa shuhuda. Nikasema Chapati hakupona. Nikasema alikuwa anapona kwa kamba na chumvi na mikono ya mke wangu, nami nikachukua kazi hiyo nikaipa jina jingine ili nipigiwe makofi, kisha nikamficha, na sasa amekatwa vidole. Nikasema, "Mungu huponya. Mimi sikumngoja. Na mtu yeyote aliyeacha dawa kwa sababu ya neno langu, ninamwomba kwa magoti airudie leo." Hakuna aliyeitika amina. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Chapati amekatwa?" na mama yake akamnyamazisha. Mama Ndunge aliinuka kutoka benchi la tatu, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Mimi na Syombua tulimfuata nyumbani kwake baada ya ibada. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, leso imeshuka kichwani. Syombua akamsalimu kwa Kikamba, "Wakya, mwaitu?" Akamwitikia. Mimi hakunitazama. "Umenifanya mjinga mbele ya watu," akasema.

"Mimi ndiye mjinga, Mama."

"Wewe umekuwa mjinga kwa mapenzi yako. Mimi umenifanya." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nilimwombea mume wangu miaka minne. Nilifunga. Akafa. Nikasema sawa, mimi si wa kusikiwa, nitaitikia tu amina za wengine. Halafu wewe ukasimama ukanitaja jina." Akanitazama sasa. "Niambie basi, wewe umesoma Neno. Siku ile alinisikia, au hakunisikia?"

Najua mistari mingi. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema, "Sijui, Mama. Ninachojua ni kwamba nilisema kabla Mungu hajasema."

"Mzee wa kanisa hujui?"

"Sijui."

"Angalau hapo umesema ukweli." Akamwambia Syombua kile kikaratasi kiko wapi, juu ya kabati, nyuma ya taa. Syombua akakileta pamoja na kikombe cha chai iliyopoa. Mama Ndunge akakifungua polepole, akatoa kidonge, akakimeza huku amenikazia macho, kwa hasira kamili, kama mtu anayetia sahihi asichokipenda. Kesho yake Syombua alimpeleka dispensari kabla ya kurudi Kitui, nao wakamwambia alikuja wakati mzuri, asingoje tena. Mkono wangu hakuushika hadi tulipovuna ndengu. Na hata aliposhika, aliushika kama mkono wa mtu yeyote, jambo ambalo lilinitosha.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliosha mguu asubuhi na jioni peke yangu, mlango wa jikoni ukiwa wazi, bendeji nyeupe ikionekana hadi barabarani. Niliomba kuondolewa katika kusimamia shuhuda, na nikaondolewa. Chapati alijifunza kukanyaga kwa vidole viwili vilivyobaki na nyama nene ya katikati ya wayo, na kabla ya mvua za vuli alikuwa anakimbia tena, mwendo wake umepinda kidogo kushoto. Alikimbia hivyo miaka yote iliyofuata, na hakuna siku aliyonikimbia mimi. Jambo hilo sijalielewa, wala sidai kulielewa.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie watu wa kukuuliza umeangalia katikati ya vidole. Akupe saburi ya kungoja kidonda kwa muda wake, akuondolee hamu ya makofi, na pale ulipofunga mlango juu ya kiumbe anayelia, akutie nguvu uufungue leo. Amina.